Siku nne Ukerewe, nyumbani kwa wavua dagaa

Jumatano

Nimekulia Dodoma, maji makubwa ninayoyajua mimi ni ya lambo la kijijini ambalo ikifika Septemba unavuka kwa miguu, kwa hiyo mtu akiniambia ziwa nilikuwa naelewa kichwani tu. Mwaka huu nikapelekwa Mwanza kikazi wiki moja, na baada ya hapo nikawa na siku nne za likizo. Sasa kuna dada tunafanya naye kazi ofisi moja, kwao Ukerewe, kisiwa cha ndani ya Ziwa Victoria, aliposikia tu akasema basi unaenda kwetu. Nikamwambia sawa, nitachukua gesti Nansio halafu mchana niende kuwasalimia. Akanuna kabisa. Akasema mama akisikia umetoka kwangu ukalala gesti mimi nitasemwa mpaka Krismasi, wewe lala nyumbani, kitanda cha bibi ni kikubwa.

Akanipa na mzigo wa kupeleka. Kitenge cha mama, dawa ya kuchua ya bibi, na boksi lenye taa mbili za kuvulia dagaa za baba yake, zile za betri zenye mwanga mweupe. Hizo taa ndo alinisisitizia kuliko vyote, zisilowe, zisianguke, usiziweke chini ya mzigo wa mtu. Mimi mwenyewe nikaongeza sukari kilo tano, majani ya chai na miche ya sabuni, maana nilimuuliza waziwazi kwenu mgeni anaingia na nini mkononi, akasema sukari na sabuni hakuna nyumba inayokataa, ila hela ya kulala usithubutu hata kuitaja, utakuwa umewatukana.

Nikapanda meli ya mchana pale bandari ya Mwanza Kaskazini. Ni safari ya kama saa tatu na nusu. Mawe ya Mwanza yakabaki nyuma, lile la Bismarck likawa dogo kama kokoto, halafu baada ya muda pande zote maji matupu, mi nimekaa nimekumbatia boksi langu la taa. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa mzee mmoja mwenye magunia ya vitunguu, akaona navyoangalia maji akaanza kunielimisha. Akasema hili ziwa usilione limetulia, ni pana kuliko Rwanda na Burundi ukiziunganisha (na kweli, ni karibu kilomita za mraba 69,000) lakini kina chake ni kifupi, pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80, ndo maana upepo ukilishika linachafuka haraka sana, maji hayana pa kujificha. Hiyo sentensi ya mwisho nilikaa nayo safari nzima.

Kuna sehemu tukaona kama moshi mzito unapanda kutoka majini, nikadhani boti inaungua, kumbe ni wadudu wadogowadogo wa ziwa, mamilioni, wanapanda kwa pamoja kama wingu. Mzee akafunika mdomo na kofia, na mimi nikafanya hivyohivyo.

Nansio tumefika jua linaanza kushuka. Pale ndo makao makuu ya wilaya, na wilaya yenyewe ina visiwa 38, vingine vina watu vingine ni mawe na ndege tu. Ukerewe ndo mama yao, hakuna kisiwa cha ndani ya ziwa kikubwa kuliko hiki Afrika nzima. Nikachukua bodaboda kwenda kaskazini, karibu saa nzima, dereva kafunga boksi la taa mbele yake kwenye tangi la mafuta baada ya kumbembeleza. Njiani ni mashamba ya mihogo mwanzo mwisho, michungwa, majaruba ya mpunga kwenye mabonde, halafu yale mawe makubwa yaliyopandiana kama mtu kayapanga, na juu ya mawe yaliyo bapa watu wameanika mihogo imekuwa meupe pee kama chokaa. Baiskeli nyingi mno. Mtu kabeba mkungu wa ndizi, mwingine kabeba mbuzi, mwingine kabeba mke wake na mtoto.

Nyumbani kwenyewe ni nyumba ya tofali na bati, jiko pembeni la nyasi, na uwanja uliofagiliwa mpaka ukaona michirizi ya ufagio. Kutoka mlangoni unaliona ziwa, kama mita mia mbili hivi, na ng'ambo yake kisiwa kingine kimejaa mawe, hicho ndo Ukara. Mabinti wawili wakaja wakapiga magoti wakanipa shikamoo, mi nina miaka 29 nikaona kama sistahili, ila ndo adabu ya huku nikajibu marahaba. Mama akanikumbatia kabla sijasema mimi ni nani. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili hakuuachia, akawa ananiuliza habari za mjukuu wake, anakula, amenenepa, bado ana kile kikohozi, ataolewa lini. Nikajibu yote ninayoyajua na hilo la mwisho nikamwambia bibi hilo muulize mwenyewe.

Baba alikuwa anajiandaa kwenda ziwani. Nikampa boksi. Alilifungua polepole sana, akaziwasha taa moja moja pale uwanjani na bado kulikuwa na mwanga wa jua, akaziangalia, akazizima, akasema ahsante binti, leo hizi zinaenda kazini. Zamani walikuwa wanatumia karabai za mafuta ya taa, akanieleza mafuta yalikuwa yanakula karibu faida yote, na upepo ukija kioo kinapasuka. Mwanga unavuta wadudu, wadudu wanavuta dagaa, dagaa wakikusanyika chini ya taa ndo nyavu inazungushwa. Basi hivyo tu, lakini kazi hiyo inataka giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa wanatawanyika, taa haiwashangazi tena, wavuvi wanapumzika zaidi ya wiki wanashona nyavu. Nilifika wakati wa giza, kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa mbiombio.

Kabla ya kula binti mkubwa alinipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, jina langu likaandikwa kwenye daftari, natoka wapi, nalala kwa nani, naondoka lini. Kuna watu wanaona usumbufu, mi nilipenda. Kijiji kizima kikajua mimi ni mgeni wa nyumba ile na kuanzia hapo watoto wakawa wananiita mgeni wa bibi.

Chakula ugali wa muhogo, ule unaovutika, na sato wa kuchemsha na nyanya na pilipili pembeni. Kichwa cha samaki nikawekewa mimi. Nikataka kumpa bibi, mama akanitazama kwa jicho fulani nikaelewa, nikala.

Halafu tukatoka nje. Hapo ndo niliona kitu ambacho sitakisahau. Ziwani kumejaa taa, mstari mrefu kutoka upande huu mpaka unakopotelea, mamia, zinacheza juu ya maji. Nikauliza bibi ule ni mji gani ng'ambo pale. Bibi akasema mji gani mwanangu, hao ni waume za watu. Mama akaninyooshea kidole, unaziona zile mbili nyeupe zaidi, zimekaribiana, zile ndo zako ulizoleta.

Nililala na bibi kitanda kimoja, chandarua kimoja, ananuka ile dawa ya kuchua.

Alhamisi

Saa kumi na moja alfajiri mama kaniamsha, sio kwa fujo, kaniambia tu boti zinarudi kama unataka kuona. Tukashuka mwaloni. Wanawake walishajaa na mabeseni yao, kila mtu anajua boti yake kwa mlio wa injini kabla haijaonekana, kweli kabisa, mama akasikia mlio mmoja kati ya kumi akasema huyo. Dagaa wanapimwa kwa ndoo, kelele, bei inapanda inashuka hapohapo kutegemea boti ngapi zimepata. Baba alikuwa na usiku mzuri. Wale vijana wanne wa boti wakapewa chao pale pale, akanieleza kwamba kwanza yanatolewa mafuta ya injini na chakula, kinachobaki nusu ni ya mwenye boti na nyavu, nusu wanagawana vijana. Kila mwalo una makubaliano yake, ila kwao ni hivyo.

Kazi ya baharia inaishia hapo, ya wanawake ndo inaanza. Tukapanda na mabeseni kichwani mpaka kwenye vichanja. Kichanja ni meza ya miti iliyotandazwa nyavu kuukuu juu, dagaa wanamwagwa wanatandazwa kwa mkono mpaka wakae mmoja mmoja, wasilaliane, maana wakilaliana wale wa chini wanaoza. Wengine bado wanaanika mchangani na kwenye mawe, inakubalika lakini mlaji anatafuna mchanga na bei ndo inakuwa ya hivyo. Mama ana msimamo mkali kwenye hili. Akasema dagaa wa kichanja anakwenda Kirumba Mwaloni pale Mwanza, anapakiwa anafika mpaka Kongo, wa mchangani anaishia kuku. Na mvua ikiwanyeshea hata hao wazuri wanakuwa chakula cha kuku, kwa hiyo mwanamke wa huku anaangalia mawingu kama sisi tunavyoangalia simu.

Nilipewa upande wangu wa kichanja. Nilitandaza kama saa mbili, vidole vikawa vinang'aa kama nimepaka rangi ya fedha. Binti mdogo ana miaka kumi hivi alikuwa anapita nyuma yangu anarekebisha, hasemi kitu, anarekebisha tu. Baadaye ikabidi kuwageuza kwa fagio laini. Saa nane mchana walikuwa wamekauka wanalia chwaa chwaa ukiwashika.

Nilitaka kuoga ziwani, jua lilikuwa kali na maji yale jamani yanaita. Mama akakataa. Akasema watoto nawapigia kelele kila siku sembuse wewe. Ni kichocho. Kuna konokono wadogo kwenye majani ya ukingoni, vijidudu vinatoka kwao vinaelea majini na vinapita kwenye ngozi yako hujakatwa hujachubuka, hujui kitu, baada ya muda ndo unaanza kukojoa damu au tumbo linajaa. Mashuleni watoto wanapewa vidonge, ila wakirudi wanaingia tena majini si ndo kwao. Baba mwenyewe ametibiwa zaidi ya mara moja, mvuvi atakwepaje maji. Nikawekewa maji ya moto kwenye ndoo, yale ya kunywa nayo wanachemsha, na hapo nikagundua kuni kiasi gani zinakwenda kwenye hiyo nyumba kwa ajili ya maji tu. Niliumia kidogo, kwamba mtu anaishi hatua mia mbili kutoka ziwa kubwa kuliko yote Afrika na bado maji ni kazi.

Jioni baba akaondoka tena. Nikamuomba twende wote, hata nikae pembeni. Akasema binti, wewe nimepewa mkononi, nikakurudishe kwa mikono hiyohiyo. Basi.

Kama saa tisa usiku niliamshwa na bati. Upepo ulikuwa unalitingisha kama mtu anataka kulifungua. Nikapapasa pembeni, bibi hayupo. Nikatoka nikamkuta na mama wamekaa barazani kwenye giza, wamejifunika khanga, hawaongei. Radi ilikuwa inapiga upande wa mbali, bila kelele mwanzoni, mwanga tu, na kila ikimulika unaona ziwa limekuwa jeupe mgongoni. Zile taa za jana zilikuwa zimebaki chache, nyingine zinaonekana zinapotea zinaonekana. Nikatafuta zile mbili nyeupe. Nikaona moja. Nikafuta macho nikatafuta tena, moja.

Sikusema. Mama ndo akasema, kwa sauti ya kawaida tu, moja imezimwa au imeanguka, mradi ile nyingine inatembea. Ikitembea ina maana kuna mtu anaiendesha. Halafu na hiyo ikapotea nyuma ya mvua.

Mvua ikanyesha vibaya mno. Hatukuingia ndani. Mama jirani akaja na mtoto mgongoni akakaa, akaja mwingine, mwisho tulikuwa wanawake saba barazani kwa bibi, mtu mmoja akawasha jiko la mkaa tukachemsha chai ya ile sukari. Hawakulia, wala hawakuomba kwa sauti. Waliongea habari za mchele, za mwalimu mpya, za nani kauza shamba. Mimi tumbo lilikuwa limenikaza na nikawa najiuliza hawa wanawezaje. Baadaye bibi ndo akaniambia polepole, ukianza kulia kabla hujaletewa habari, siku ukiletewa utalia na nini.

Ni bibi huyo pia aliyenihadithia ile Alhamisi. Kulikuwa na gulio upande huu, watu wa Ukara wamekuja kununua na kuuza, mchana wanarudi kwao na MV Nyerere. Tarehe 20 Septemba 2018. Kivuko kilikuwa kimeshafika kabisa, kimebakiza hatua chache kugusa gati la Bwisya, ndo kikalala ubavu kikageuka. Watu zaidi ya 220 walikufa. Kivuko kilikuwa kimebeba kuliko uwezo wake, mbali sana. Mimi nakumbuka nilikuwa Dodoma nikasikia kwenye redio siku nne za maombolezo, bendera nusu mlingoti, nakumbuka na yule fundi wa mitambo aliyetolewa hai ndani ya kivuko baada ya siku mbili, tulishangilia. Lakini bibi alikuwa amesimama hapohapo ufukweni siku hiyo. Aliniambia alichokiona na sitakiandika, alinipa mimi.

Kukapambazuka. Upepo ukakata kama vile mtu kazima swichi. Saa moja hakuna mtu. Saa moja na nusu boti mbili, si zetu. Kama saa mbili asubuhi mama akainua kichwa, sisi wengine hatujasikia kitu, akasema huyo.

Ijumaa

Walikuwa wamejibanza nyuma ya Ukara, upande usio na upepo, wakasubiri. Dagaa kama ndoo moja na nusu. Nyavu imechanika. Na ile taa moja imezama, mawimbi yaliing'oa kwenye boya lake.

Nilipatwa na uchungu wa ajabu kuhusu ile taa. Nimeibeba mapajani saa tatu na nusu, nimeibembelezea dereva wa boda, na imevua usiku mmoja tu. Baba akaona uso wangu, akaniambia taa inauzwa dukani binti. Akala viazi vitamu na chai, akalala mpaka mchana, na mama alikuwa anawafukuza kuku waende mbali na dirisha lake.

Siku hiyo nilitakiwa niondoke. Mama akasema utaondokaje na usiku ule hujalala, kesho. Nikapiga simu Mwanza nikasogeza mambo yangu.

Binti mkubwa alikuwa na safari ya Bwisya kupeleka dawa kwa shangazi yake, akaniuliza kama naogopa. Nikamwambia ndiyo naogopa. Akasema na mimi huwa naogopa, twende. Tukaenda Bugorola tukapanda kivuko cha sasa, MV Ukara II Hapa Kazi Tu, kikubwa kuliko kile cha mwanzo, watu wanahesabiwa wakati wa kuingia na wakifika idadi geti linafungwa. Nilivaa laifu jaketi tangu tulipoingia mpaka tuliposhuka na hakuna aliyenishangaa. Maji yalikuwa yametulia kiasi kwamba unaona wingu ndani yake. Ziwa lilelile la usiku.

Bwisya pana makaburi ya wale waliozikwa pamoja na pana mnara wa kumbukumbu. Tulisimama. Binti alisoma majina mawili matatu kwa sauti ya chini, akafunga kitambaa chake vizuri, tukaondoka.

Ukara ni ndogo na watu ni wengi sana kwa eneo lile, hakuna kipande kimelala bure. Kwa shangazi ng'ombe wapo wawili ndani, kwenye shimo lililochimbwa sehemu ya nyumba, hawatoki, wanakatiwa majani ya kando ya ziwa wanaletewa, na samadi yao ikijaa inabebwa kwa vikapu kichwani kwenda shambani. Shangazi akanionyesha matuta yake ya mawe yanayozuia udongo usiteremke ziwani. Wakara wamelima hivi tangu enzi za mababu, kabla hata ya Wajerumani, na udongo wenyewe ni mchanga tu wa granaiti, bila samadi hautoi kitu. Mi natoka Dodoma najua udongo mbovu, nikasimama pale naangalia mtama wa yule mama ulivyosimama, nikamuuliza maswali mpaka binti akanivuta. Alitaka turudi kabla ya saa nane, upepo haujaamka. Kuna lile jiwe maarufu linalocheza, kila mtu anayekwenda Ukara anataka kuliona, sisi tulichagua upepo.

Jioni nikamsaidia baba kushona nyavu, yaani nilishika upande mmoja ikae wima wakati yeye anapitisha sindano ya mbao. Akauliza kwetu watu wanafanya kazi gani, nikamwambia zabibu na mtama na ufuta, na mvua isipokuja hakuna kitu. Akafikiri kidogo. Akasema kwa hiyo na nyie mnaangalia juu. Nikasema ndiyo baba. Saa kumi na mbili akabeba injini begani akashuka. Na taa moja.

Usiku huo taa zilirudi zote mstarini kama vile hakuna kilichotokea. Nilikaa na mama barazani mpaka alipoingia kulala.

Jumamosi

Kuaga huku sio dakika tano. Bibi alinipa chumvi kwenye kiganja nikailamba, akaninong'oneza maneno ya Kikerewe kichwani, akakataa kunitafsiria. Mama kafunga dagaa waliokauka kwenye mfuko, kile kichanja nilichotandaza mimi, kasisitiza ni vya kwako hivyo, na mfuko wa machungwa, na jogoo aliyefungwa miguu. Nikasema mama jogoo mpaka Dodoma! Akasema si anapanda basi.

Nilikuwa nimeweka elfu ishirini kwenye mfuko wa gauni tangu asubuhi, sijui nifanyeje, nimeambiwa nisitaje hela. Mwisho nikamwekea bibi mkononi nikasema bibi ya ugoro. Akaipokea bila kuiangalia akaifunga kwenye ncha ya khanga. Hiyo inaruhusiwa.

Nikarudi kwa njia ya nchi kavu kwa sababu ya jogoo na mizigo. Basi linakwenda mpaka Rugezi, linaingia kwenye kivuko, linavuka mlango mwembamba wa maji mpaka Kisorya, haifiki hata saa moja, halafu lami mpaka Bunda na kuingia barabara kuu ya Musoma kwenda Mwanza. Abiria tulishuka tukasimama pembeni ya basi. Nilijishtukia naangalia juu, upande wa mashariki, kama kuna wingu.

Simu ya mama ilinikuta Bunda, ya pili Magu, ya tatu Mwanza. Umefika wapi. Jogoo mzima?

Mshahara ulipotoka nilinunua taa, ileile, nikamtumia ndugu yao aliyeko Mwanza akaipandisha meli. Ilichukua kama wiki mbili kufika tangu niondoke. Mama akapiga jioni anashukuru mpaka nikaona aibu, nikamuuliza baba ameshaijaribu. Akasema bado, imekaa kabatini.

Nikatoka nje na simu sikioni. Dodoma hakuna wingu, mwezi umejaa, uwanja wote mweupe.

Nikamwambia kweli mama, wiki hii baba yupo nyumbani. Akasema yupo, huyu hapa anakoroma, nimsogezee simu?